Gundi ya mbao Dodoma: ubane kwa nguvu gani, kwa muda gani, na lini ufungue klampu

Lebo nyingi za gundi nyeupe zinasema bana dakika 30, acha saa 24. Namba hizo hupimwa kwenye chumba chenye nyuzi joto 20 hivi, hewa ya wastani, na mbao zilizokauka na kurandwa vizuri. Karakana ya mabati Kizota saa nane mchana mwezi wa Oktoba ni kitu kingine kabisa, na baraza la fundi Nkuhungu alfajiri ya Julai ni kingine tena. Mwongozo huu ni wa seremala anayefanya kazi Dodoma, Singida, Manyoni, Kongwa na maeneo jirani yenye hewa kavu, ambaye topu zake za meza zinafumuka ncha baada ya miezi miwili au milango yake inacheza kwenye pembe, ilhali gundi aliyotumia ni nzuri.

Jambo la kushika mapema ni hili: ukavu wa Dodoma unakupunguzia dakika za kupaka na kufunga, lakini haukupunguzii kwa kiasi hichohicho muda wa kubana. Kiungo kikishabanwa, upepo wa nje haufiki ndani yake. Maji ya gundi hutoka kwa kupenya kwenye mbao, na mbao ina mwendo wake. Kwa hiyo huku funga haraka, fungua taratibu. Mafundi wengi hufanya kinyume: wanapaka kwa starehe, wanapiga stori kidogo, wanabana, halafu nusu saa baadaye klampu inahamishiwa kazi nyingine kwa kuwa gundi iliyochuruzika nje imeshakauka. Gundi ya nje haikuambii chochote kuhusu ya ndani.

Gundi nyeupe inashikaje

Gundi nyeupe (PVA) ni chembe ndogo sana za plastiki zilizotawanyika kwenye maji. Maji yakiondoka, chembe husogeleana, hubonyezana na kuungana kuwa utando mmoja uliojikita kwenye vinyweleo vya mbao. Hapo kuna muda wa aina tatu, na kuchanganya mmoja na mwingine ndiko kunakoharibu kazi.

Wa kwanza ni muda wa kufunga: tangu tone la kwanza liguse mbao hadi klampu ya mwisho ikazwe. Kwenye nyuzi joto 20 ni dakika 10 hadi 15. Mchana wa Oktoba au Novemba, joto la Dodoma likiwa nyuzi 30 au 31, upepo ukivuma na mbao ikiwa kavu, hesabu dakika 5 tu, na uso uliopakwa utando mwembamba unaweza kuota ngozi kabla ya hapo.

Wa pili ni muda wa kubana, yaani hadi gundi iwe na nguvu ya kujishikilia bila klampu. Wa tatu ni muda wa kukomaa: saa 24 kabla ya kukipa kiungo mzigo, na siku 7 kwa gundi zinazostahimili maji kufikia uwezo wake wote.

Joto la chini nalo lina mpaka wake. Chembe za plastiki zikiwa baridi mno haziungani. Maji yanaondoka na kuacha unga mweupe usio na nguvu. Kutegemea na gundi, mpaka huo uko kati ya nyuzi 5 na 12. Usiku wa Julai Dodoma hushuka hadi 13 au 14, kwa hiyo kwa kawaida uko salama ila mwendo unapungua sana. Anayepeleka kazi kufungwa Mafinga au Njombe msimu wa baridi asiuchukulie hivyohivyo.

Mbao kwanza

Hapa ndipo kazi nyingi za Dodoma zinapoharibikia, kabla kopo halijafunguliwa. Paina nyingi inayouzwa mjini hutoka ukanda wa Sao Hill, wilayani Mufindi, kwenye baridi na unyevu. Inafika ikiwa imepigwa msumeno hivi karibuni, inapangwa yadi, na mteja anataka kabati ndani ya wiki. Mbao iliyokaa ndani ya nyumba Dodoma wakati wa kiangazi hutulia kwenye unyevu wa kama asilimia 9 hadi 11. Dar es Salaam mbao hiyohiyo ingetulia kwenye 13 hadi 15. Ukiunga paina yenye asilimia 18, kila bao la upana wa sentimita 14 linaweza kusinyaa milimita 2 hadi 3 likifika asilimia 10. Topu ya mabao sita imepungua zaidi ya sentimita moja, na lazima ipasuke mahali fulani.

Shabaha ni asilimia 12 au chini yake kwa fanicha ya ndani. Kipimo cha umeme cha unyevu ni kifaa kizuri kununua kwa kuchangiana karakana mbili tatu. Kama huna, tumia mizani ya jikoni. Kata kipande katikati ya bao, si chini ya sentimita 30 kutoka kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka mapema na kukudanganya. Kipime, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 hivi, kipime tena kila baada ya saa chache hadi uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha mara 100. Kipande cha gramu 240 kilichoishia 210 kilikuwa na asilimia 14: bado kidogo.

Bila oveni, panga mabao ndani kwa vijiti vya kutenganisha, uyaweke alama, uyapime kila siku ya tatu. Uzito ukisimama, mbao imeshazoea hewa ya hapo. Yapange kivulini. Jua la moja kwa moja la Dodoma hukausha ngozi ya nje haraka kuliko moyo, na bao hupasuka ncha.

Mninga una sifa ya kutulia: husinyaa kidogo sana, ndiyo maana fremu zake hazisumbui. Mkongo ni mzito na hunyonya maji polepole, hivyo mpe muda mrefu zaidi kwenye klampu. Msaji (tiki) una mafuta. Futa uso kwa kitambaa chenye asetoni, subiri dakika chache iruke, kisha upake gundi mara moja kabla mafuta hayajarudi juu. Mkaratusi una tanini (kemikali ya asili ya mbao), na chuma cha klampu kikigusa gundi mbichi juu yake huacha doa jeusi lisilotoka kwa msasa. Weka karatasi ya nailoni katikati.

Uso wa kuunga urandwe siku ileile. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi la Dodoma linatua juu ya kila kitu, na bao lililorandwa jana lina utando wa udongo ambao macho hayauoni. Ukiona kazi itaingia kesho kwa sababu umeme umekatika, funika mabao kwa turubai safi, na kesho yake piga randa ya mkono mara moja tu, unyoya mwembamba, kabla ya kupaka.

Kiungo kinabana au kinajazwa?

PVA haina nguvu kwenye nafasi. Ukikutanisha mabao mawili bila gundi na karatasi moja ya A4 (unene wa milimita 0.1) ikapita kwenye mwanya, hapo ndipo mpaka wa kuvumilika. Zaidi ya hapo piga randa tena. Kuchanganya gundi na unga wa mbao ili kujaza pengo ni kuficha ufa. Hakuna nguvu inayoongezeka.

Ncha kwa ncha usiunge kwa gundi pekee. Vinyweleo vya upande huo hunyonya gundi yote na kuacha kiungo kitupu. Weka ulimi na tundu (ncha ya bao iliyochongwa ikaingia kwenye shimo la bao jingine), au vijiti, au kipande cha kuunganishia pembeni.

Nguvu ya kubana, kwa hesabu

Kazi ya klampu ni kukutanisha nyuso na kuifanya gundi iwe utando mwembamba. Kwa mbao laini kama paina unahitaji kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa mbao ngumu kama mninga na mkongo, kilo 12 hadi 17. Watu wengi hushtuka wakiona namba hizi, kwa hiyo tuzifanyie hesabu.

Topu ya meza ya futi 5 (sentimita 150) yenye unene wa sentimita 2 baada ya randa: kila mstari wa gundi una sentimita za mraba 300. Mara 7 ni kilo 2,100. Klampu ndefu ya chuma ikikazwa kwa mkono na fundi mwenye nguvu hutoa kilo 400 hivi, pengine zaidi kidogo. Kwa hiyo klampu sita. Na hapa kuna habari njema: idadi ya mabao haibadilishi hesabu, kwa sababu nguvu ileile hupita kwenye mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mabao mawili au kumi, klampu ni sita zilezile.

Sasa fanya hesabu ya mfuko wa saruji. Kilo 50 juu ya eneo la sentimita 30 kwa 30 ni kilo 0.056 kwa sentimita ya mraba. Ni chini ya sehemu moja ya mia ya kinachotakiwa kwenye paina. Mawe na mifuko ya saruji hushikilia kitu kisihame, hayabani kiungo. Misumari nayo huvuta pale tu ilipo, na katikati ya msumari mmoja na mwingine gundi inabaki nene. Kwa kushikiza kanda nyembamba za mapambo inatosha. Kwa topu haitoshi.

Kwa mninga wa vipimo hivyohivyo hesabu inataka klampu tisa au zaidi, na karakana nyingi hazina. Kinachookoa ni ubora wa randa: nyuso zikikutana zenyewe bila nguvu, nguvu pungufu inatosha. Zisipokutana, hakuna klampu itakayokusaidia, na hata ukizilazimisha zikafunga, mbao itaendelea kuvuta kiungo miaka yote.

Shinikizo husambaa kutoka kwenye meno ya klampu kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Bao la pembeni la sentimita 14 hubeba shinikizo la sentimita 28 za mstari wa gundi, hivyo klampu zisipishane zaidi ya hapo. Bao la pembeni likiwa jembamba, weka gongo lililonyooka la inchi 2 kwa 4 kati yake na klampu.

Asiye na klampu ndefu atengeneze fremu ya kabari: gongo mbili za 2 kwa 4, vizuizi viwili vilivyofungwa kwa bolti kwenye kila gongo, na jozi ya kabari za mkaratusi zenye mwinuko wa moja kwa nane, zikipigwa kwa kukutana. Fremu za hivyo hugharimu kidogo na hubana vizuri. Kwa miguu ya viti na vitu vya mviringo, vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kwa urefu na kuzungushwa mara nyingi vinafanya kazi nzuri. Kila mzunguko unaongeza nguvu juu ya uliotangulia.

Topu ya paina, mwanzo hadi mwisho

Mfano ni mabao sita ya 1 kwa 6, yaliyokauka na kurandwa, mistari mitano ya gundi. Eneo lote la gundi ni mita ya mraba 0.15. Kiwango ni gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, hivyo gramu 30 zinatosha. Pima 45 kwa sababu ya zinazobaki kwenye brashi.

1. Panga mabao bila gundi. Chora pembetatu kubwa inayopita juu ya yote ili usichanganye mpangilio. Kwenye kila mstari, acha katikati ya bao pawe na mwanya mdogo sana, nusu milimita kwa urefu wa mita moja na nusu, ncha zikigusana. Huu ni mwanya wa makusudi, si ule wa karatasi ya A4: klampu za katikati zitaufunga, na ncha zitabaki na mvuto wa ziada. Ncha ndizo hukauka kwanza kiangazi, na hilo ndilo dawa ya topu kufumuka ncha.

2. Bana yote kavu, kwa klampu zote, kama kazi halisi. Weka upana wa kila klampu tayari. Kagua mistari kwa tochi upande wa pili. Asiyefanya hatua hii ndiye anayezunguka karakana akitafuta kipande cha kubania huku gundi inaota ngozi.

3. Chagua saa. Kuanzia Septemba hadi Novemba, fanya kazi ya gundi kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Mabao na kopo vilale kivulini. Funga mlango unaoleta upepo.

4. Usipake mistari yote mitano kwa mkupuo. Unga mabao matatu, kisha matatu mengine. Zikishatoka kwenye klampu, unganisha nusu mbili kwa mstari mmoja. Unapoteza saa mbili, unaokoa topu.

5. Paka pande zote mbili za kila mstari, utando mwembamba kila upande, kwa brashi fupi ngumu au kipande cha kadi. Kwenye hewa yenye unyevu upande mmoja unatosha. Hapa Dodoma, mbao kavu ikinywa gundi ya upande mmoja, upande wa pili hauna kitu. Lebo ikiruhusu maji, usizidishe asilimia 5. Zaidi ya hapo unapunguza gundi yenyewe.

6. Kutanisha, sugua mbele na nyuma mara mbili ili gundi ihamie pande zote, kisha bana. Anza klampu ya katikati, nenda pembeni. Klampu tatu chini, tatu juu, kwa kupishana. Zikiwa zote upande mmoja topu hupinda. Ya kwanza iwe sentimita 12 kutoka ncha, zinazofuata kila sentimita 25.

7. Kaza kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza hadi mabao yaguse, gongagonga yaliyonyanyuka yalingane, halafu kaza kabisa. Vitone vidogo vya gundi vijipange kwenye mstari mzima. Pasipo na kitone, gundi haikutosha au mwanya upo. Ikichuruzika kama uji, ulipaka kupita kiasi. Haina madhara ila ni hela inayodondoka sakafuni.

8. Dakika tano baadaye kaza tena robo mzunguko. Gundi imetulia, mbao imebonyea kidogo, na klampu imelegea.

Gundi iliyotoka nje usiifute kwa kitambaa cha maji, hasa kwenye mninga utakaopakwa vanishi inayoonyesha mbao. Maji huisukuma kwenye vinyweleo na doa hutokea baada ya vanishi. Subiri dakika 20 hadi 30 igande nusu, kisha ikwangue kwa patasi; inatoka kwa mkanda.

Lini ufungue

Kwa PVA, mbao kavu, kiungo kisichokuwa na mvuto wowote, joto la nyuzi 25 hadi 30: paina dakika 45, mninga saa moja na nusu, mkongo saa mbili. Kiungo chenye mvuto, kama bao lililopinda kidogo au topu pana: zidisha mara mbili. Joto la nyuzi 15, yaani asubuhi na usiku wa Juni na Julai: zidisha mara mbili pia. Vyote viwili pamoja: acha hadi kesho na usihesabu. Kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili, mbao yenyewe hubeba unyevu zaidi na hupokea maji ya gundi polepole. Ongeza nusu ya muda. Vipande vyembamba vilivyopindwa na kuunganishwa kwa tabaka, kwa mfano mgongo wa kiti, visitoke chini ya saa 24 kwa hali yoyote ile.

Ukitaka namba za karakana yako mwenyewe, usiziamini hizi wala za lebo. Kata jozi nane za vipande vya mbao unayotumia, kila kimoja sentimita 5 kwa 10, uviunge kwa gundi ileile asubuhi moja. Fungua na uvunje jozi ya kwanza baada ya dakika 30, ya pili 45, kisha 60, 90, saa 2, 3, 4 na 24. Vunja kwa patasi kwenye mstari wa gundi. Muda ambao nyuzi za mbao zinaanza kung'oka badala ya gundi kuachia, ndio wako kwa joto hilo na mbao hiyo. Andika ukutani. Rudia Julai. Jaribio hilohilo linakuumbulia gundi ya kupimiwa iliyochanganywa maji: jozi ya saa 24 ikiachia safi bila kung'oa mbao, badilisha duka.

Na kila kazi kubwa, unga kipande kidogo cha shahidi sambamba na kazi, ukibane vilevile, ukiweke hapohapo. Vunja shahidi kabla ya kufungua kazi.

Baada ya kufungua

Klampu zikitoka, kiungo kina nguvu ya kujibeba, si ya kupigwa randa, kupigwa nyundo, wala kupanda kirikuu kwenye barabara ya vumbi. Saa 24 kwanza.

Kwa topu kuna sababu ya pili ya kusubiri. Maji ya gundi huvimbisha mbao kandokando ya mstari. Ukipiga randa au msasa wa mwisho siku hiyohiyo unakata sehemu iliyovimba. Wiki ijayo maji yakitoka, sehemu hiyo hunywea na kila mstari unaonekana kama mfereji chini ya vanishi. Randa ya kwanza baada ya siku moja. Msasa wa mwisho baada ya siku nne hadi saba. Mteja anayekimbilia kuhamia mji wa serikali wa Mtumba ataelewa akionyeshwa topu mbaya moja.

Wakati wa kusubiri, topu isimame ukutani au ilale juu ya vijiti, hewa ipite pande zote. Ikilala juu ya sakafu ya saruji, upande mmoja hukauka na mwingine hapana, na kesho yake imepinda.

Mlango wa ulimi na tundu

Ulimi uingie kwa mkono na kumaliziwa kwa nyundo ya mti, mapigo mepesi. Ukihitaji nyundo nzito unasukuma gundi yote nje na unaweza kupasua tundu. Tundu lisilotoka upande wa pili liwe refu kuliko ulimi kwa milimita 2, gundi iliyosukumwa ipate pa kukaa; bila hivyo hufanya kazi ya jeki na bega la ulimi halifungi.

Paka kuta za tundu kwanza, kisha ulimi. Kupaka ulimi pekee ni kosa la kawaida: gundi hukwanguliwa mlangoni mwa tundu na ndani hakufiki kitu. Weka klampu moja kwenye kila mstari wa vipande vya kulala, pima pembe kwa pembe kwa tepu. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 2, sogeza klampu ziegemee upande wa pembe ndefu hadi vilingane, kisha kaza. Paneli ya katikati usiigundishe kabisa. Ikae kwenye mfereji wake ikicheza, isinyae Septemba na kupanuka Februari.

Ulimi unaotoka upande wa pili na kupigwa kabari mbili zilizopakwa gundi ndio mtindo bora kwa milango ya nje. Kabari zikishaingia, klampu zinaweza kutoka baada ya dakika 20, kwa kuwa kiungo kimejifunga chenyewe. Kuna faida nyingine: PVA hulainika ikipata joto kali. Mlango wa rangi nyeusi unaoelekea magharibi hupata joto hilo kila alasiri, na kiungo cha gundi tupu huanza kuteleza kidogo kidogo. Kabari haitelezi. Gundi ya mlango wa nje iwe ya daraja D3 au D4 kwenye lebo (D ni kiwango cha kustahimili maji). Ya D1 au D2 ni ya fanicha ya ndani.

Gundi zisizo nyeupe

Poliyurethani inahitaji maji ili ikomae, na mbao kavu ya Dodoma haina ya kuigawia. Futa upande mmoja kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, paka upande wa pili, bana saa 1 hadi 4 kulingana na lebo. Povu linalotoka halina nguvu. Kukaza bado ni lazima. Vaa glovu, mikononi haitoki.

Epoksi ya chupa mbili haikauki, inakomaa kwa kemia, hivyo ukavu wa hewa hauihusu. Joto linaihusu sana: kila nyuzi 10 zikiongezeka muda wake hupungua karibu nusu. Changanya kidogo kidogo, uimimine kwenye sahani bapa. Ikibaki nyingi kikombeni hujichemsha yenyewe na kuganda. Ibane kwa upole tu. Ukikaza kama PVA unaikamua yote na kiungo kinabaki kikavu. Acha saa 24, na siku 7 kabla ya mzigo mkubwa. Ndiyo pekee inayofaa kwenye kiungo chenye pengo.

Gundi ya kontakti hupakwa pande zote mbili, hungojewa dakika 10 hadi 20 hadi isivutike kwenye kidole, kisha hubonyezwa. Ni ya fomaika na sponji. Kwenye fremu haina kazi.

Kiungo kikiachia, kisome

Usikimbilie kupaka tena. PVA mpya haishiki juu ya PVA ya zamani, kwa hiyo kwanza kwangua hadi mbao ionekane, na kabla ya kukwangua angalia.

Utando unaong'aa upande mmoja, upande wa pili mbao tupu: gundi iliota ngozi kabla hujafunga. Ni ugonjwa wa Oktoba. Paka pande zote mbili, gawa kazi, hamia asubuhi.

Pande zote karibu hazina gundi, ila vinyweleo vina rangi yake: mbao iliinywa gundi, au ilikuwa ncha ya bao. Paka utando mwembamba, subiri dakika moja uingie, paka tena, bana.

Utando mnene unaoweza kuumenya kwa kucha: kulikuwa na mwanya au nguvu ilikuwa pungufu. Dawa ni randa.

Unga mweupe: baridi. Leta mbao ndani usiku kucha kabla ya kuunga. Kupasha gundi peke yake hakusaidii, mbao baridi huipoza papo hapo.

Katikati imeshika, ncha zote mbili zimefumuka, na mbao imepasuka kando ya mstari badala ya gundi kuachia: gundi haina kosa. Mbao ilikuwa mbichi. Kuiunga tena bila kuikausha ni kupoteza gundi. Iache kivulini hadi uzito wake usimame, kata mstari upya kwa msumeno, piga randa, ndipo urudi kwenye klampu.